Pete ya Mukuku: Tarakimu moja ikikosewa, hesabu ya angani hutua kwingine

PETE ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, alasiri ya Desemba 30, 2024, swali la kwanza lilikuwa ni kitu gani hicho. Swali la pili, ambalo ndilo gumu na ndilo lenye fidia ndani yake, lilikuwa ni cha nani.

Hakuna aliyejeruhiwa. Polisi na maafisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA), lililobuniwa mwaka 2017, walifika na kuichukua pete hiyo. Katika taarifa yake ya Januari 1, 2025, shirika hilo lilisema kwamba uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, na kwamba vifaa vya aina hiyo kwa kawaida huundwa ili viteketee vinapoingia hewani au vianguke mahali pasipo na watu, kama vile baharini. Taarifa hiyo haikutaja roketi yenyewe wala nchi iliyoirusha.

Tangu hapo shughuli ikawa ya hesabu. Nayo hesabu hiyo, ajabu ni kuwa, haina tofauti kubwa na ile anayoifanya mpiga shabaha wa masafa marefu anapoweka bunduki yake begani na kutazama tarakimu kwenye kikokotoo chake. Wote wawili wana kitu kinachokwenda kasi, hewa inayokizuia, mvuto wa dunia unaokivuta chini na upepo unaokisukuma kando. Sayansi hiyo huitwa balistiki. Mwindaji wa Kikamba wa zamani, aliyebeba upinde na mshale uliopakwa sumu ya msunguti, aliimaliza hesabu hiyo kichwani kwa sababu alinyemelea mnyama hadi akawa karibu mno. Anayerusha kutoka mbali hana budi kuandika.

Na anayeandika hukosea. Mashine yenyewe hukosea kwa nadra. Fomula zake ni zile zile za tangu enzi za Isaac Newton, zikaboreshwa na majaribio ya mizinga barani Ulaya katika karne ya 19. Kinachokosewa karibu kila mara ni kile ambacho binadamu ameiingizia.

Kosa la kwanza, na pengine la aibu kuliko yote, ni la saa.

Pete ilianguka mwendo wa saa tisa alasiri. Mswahili anaposema saa tisa, mgeni anaweza kuandika 9. Akiandika hivyo, amekwisha kupoteza saa sita. Hata akijua kuwa saa tisa ya alasiri ni 15:00, bado imempasa akumbuke kwamba wafuatiliaji wa setilaiti duniani hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hivyo basi tukio la Mukuku lapasa kuandikwa 12:00. Anayesahau kutoa hizo tatu hapotoki kidogo. Katika saa tatu, kitu kilicho katika mzingo wa chini huizunguka dunia mara mbili, na dunia yenyewe huwa imegeuka digrii 45, ambazo hapa karibu na Ikweta ni kilomita 5,000 hivi.

Saa hiyo hiyo ndiyo iliyouvunja uvumi uliosambaa sana siku zile, kwamba pete ilitokana na roketi ya India. Siku hiyo hiyo ya Desemba 30 India ilirusha roketi ya PSLV-C60 iliyobeba setilaiti mbili za mradi wa SpaDeX, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Shirika la KSA lilikanusha. Lakini hata bila kukanusha, saa ilitosha: roketi ile iliondoka Sriharikota saa nne usiku kwa saa za India, yaani saa moja na nusu usiku kwa saa za Kenya. Pete ilikuwa imelala chini Mukuku kwa saa nne na nusu kabla roketi haijawashwa. Wengi waliousambaza uvumi huo walilinganisha tarehe wakaiacha saa.

La pili ni la mahali. Mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, uko takriban digrii 1.8 kusini mwa Ikweta na digrii 37.6 mashariki. Kompyuta huijua kusini kwa alama ndogo ya kutoa mbele ya tarakimu. Ikisahauliwa, Wote huhamia kaskazini mwa Ikweta na kutua karibu na Laisamis katika Kaunti ya Marsabit, umbali wa kilomita karibu 400. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, yaani latitudo ikaandikwa penye longitudo, mahali hapo huwa kusini-mashariki mwa Uhispania, bara jingine kabisa. Kosa la pili ni jema kwa sababu linaonekana. La kwanza ni hatari: Marsabit ni Kenya vilevile, na mtu aliye Ulaya hatashtuka.

Hewa ndiyo mlima wenyewe.

Mpiga shabaha hukutana nao kwa sura ya mgandamizo. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapo mgandamizo halisi wa hewa ni kama milibari 885. Lakini taarifa za hali ya hewa, ili miji ya pwani na ya bara iweze kulinganishwa, hutoa mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba kila mahali ni pwani, nao huzunguka milibari 1,013. Askari au mwanamichezo akiichukua tarakimu hiyo kutoka redioni na kuiingiza katika kikokotoo kama mgandamizo halisi, chombo kitaamini kuwa anapiga akiwa Lamu. Kitadhani hewa ni nzito, kitamwambia ainue mtutu zaidi, na risasi itapita juu ya shabaha. Wengine hukosea kinyume chake: huingiza mgandamizo halisi wa 885, kisha wakaongeza mwinuko wa mita 1,100, na chombo kikaupunguza mgandamizo mara ya pili. Hapo risasi hupungukiwa. Kanuni ya wakufunzi ni nyepesi: ama mgandamizo halisi bila mwinuko, ama mgandamizo uliorekebishwa pamoja na mwinuko, kamwe si mchanganyiko.

Kwa kitu kinachotoka angani, hewa ni mtihani mkubwa zaidi kwa sababu inayohusika kwanza si hii tunayoivuta, bali ile nyembamba iliyo kilomita 150 na zaidi juu yetu. Hewa hiyo huvimba na kusinyaa kwa amri ya jua. Jua likichafuka, hewa ya juu hupata joto, hupanda, na kuvizuia vitu ambavyo jana vilikuwa vikipita bila kizuizi kikubwa. Kituo cha maabara cha Marekani kiitwacho Skylab kilitarajiwa kubaki angani hadi vyombo vipya vya Marekani viwe tayari kukisukuma juu. Jua likawa kali kuliko ilivyobashiriwa, kikaanguka Julai 11, 1979, na vipande vyake vikatapakaa magharibi mwa Australia. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilipoteza setilaiti 38 kati ya 49 ilizokuwa imezirusha siku chache tu awali, kwa sababu dhoruba ya sumaku kutoka kwa jua iliinenepesha hewa walimokuwa wameziweka. Pete ya Mukuku nayo ilianguka katika msimu wa aina hiyo: Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa jua lilikuwa limeingia katika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11.

Wakenya wana haki ya kujua kwamba sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwao. Katika kituo cha San Marco, pale Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 mnamo Aprili 26, 1967. Ndani yake mlikuwa na mizani maalumu ya kupima jinsi hewa inavyokizuia chombo juu ya Ikweta. Nyingine za mfululizo huo zilifuata mwaka 1971, 1974 na 1988. Walichokuwa wakikitafuta ni tarakimu ile ile inayowasumbua wakokotozi hadi leo.

Kwa sababu ya hewa hiyo isiyotabirika, wafuatiliaji wana kanuni ya mkato: bashiri ya kuanguka huwa na kosa la asilimia 20 hivi ya muda uliobaki. Ikibaki saa moja, kosa ni dakika 12 mbele au nyuma. Dakika 12 zinasikika kuwa chache hadi mtu akumbuke kasi. Kitu kilicho katika mzingo wa chini huenda kilomita 7.8 kwa sekunde. Dakika moja ni kama safari ya Nairobi hadi Mombasa. Dakika 12 ni zaidi ya kilomita 5,600, umbali unaopita ule wa Nairobi hadi Mumbai. Na kutoka Wote hadi mji wa Kitui, kilomita zisizozidi 65 kwa mstari ulionyooka juu ya bonde la mto Athi, ni sekunde nane. Iwapo kitu kinapita kuelekea upande huo, anayeweza kutabiri kuwa kitaanguka Makueni na si Kitui, saa moja kabla, hajazaliwa.

Baada ya hewa huja umbo na uzito wa kitu chenyewe. Wataalamu huviunganisha katika nambari moja, kizigeu cha balistiki, inayoeleza jinsi kitu kinavyoweza kuipasua hewa. Risasi nzito na nyembamba ina kizigeu kikubwa; unyoya una kidogo. Watengenezaji wa risasi huchapisha nambari hiyo kwenye kisanduku, lakini kuna vipimo viwili vinavyotumika, G1 na G7, na risasi ile ile ndefu inayosomeka 0.5 kwa G1 husomeka karibu 0.25 kwa G7. Anayechukua 0.5 ya kisanduku na kuchagua G7 katika programu amejitengenezea risasi ya ndoto, isiyozuiwa na chochote, na atapiga chini ya shabaha siku nzima akiilaumu bunduki. Kuna na vipimo vya uzito: grein 175 ni gramu 11.3 tu. Wenye kucheka wakumbuke kwamba chombo cha Marekani cha Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu kundi moja lilitumia vipimo vya Kiingereza na jingine vipimo vya metriki.

Kwa pete, hesabu ya mwisho ni ya kasi ya kugonga ardhi. Chukua uzito wa kilo 500 na hewa ya alasiri yenye joto katika mwinuko wa mita 1,200, ambayo ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida ya pwani kwa asilimia 17 hivi. Ikiwa pete iliikabili hewa kwa eneo la mita moja ya mraba, ilitua kwa kasi ya kama kilomita 320 kwa saa. Ikiwa ilijigeuza na kuikabili kwa mita mbili za mraba, kasi hushuka hadi kama 230. Eneo limezidishwa maradufu, ila kasi haikupungua kwa nusu, kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kwa vyovyote vile, ni kasi ya kuangamiza nyumba. Lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na kilomita 28,000 kwa saa za mzingoni, na ndiyo maana pete haikuchimba shimo kama la kimondo.

Uzito huo wa kilo 500 unastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Marco Langbroek, mfuatiliaji mashuhuri wa setilaiti kutoka Uholanzi, alielekeza kidole kwenye kipande cha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa Julai 2008 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kipande hicho, kiitwacho SYLDA, hutumiwa kupakia setilaiti mbili katika roketi moja, nacho kilirudi duniani siku hiyo hiyo. Jonathan McDowell wa Marekani alitilia shaka, kwa vile pete haikuonyesha dalili za wazi za kuungua. Kuna na jambo la mizani: SYLDA nzima, yenye upana unaopita mita nne na iliyoundwa zaidi kwa nyuzi za kaboni, haipishani sana na kilo 500. Pete ya mita 2.5 ikiwa ni sehemu yake tu, haiwezi kuwa na uzito wa kitu kizima. Ama makadirio ya uzito yalikuwa ya juu, ama mwenyewe ni mwingine. Mizani ya kupimia magunia ya pojo ingelikaribia kulimaliza suala hilo.

Upepo unafaa mistari michache. Kitu kama hicho huchukua karibu dakika moja na nusu hadi mbili kushuka kilomita kumi za mwisho. Upepo wa mita kumi kwa sekunde utakihamisha kwa karibu kilomita moja. Desemba ni msimu wa kaskazi, na jina lenyewe linafundisha kanuni: kaskazi ni upepo utokao kaskazini, si uendao. Mabaharia wetu na wataalamu wa hali ya hewa wanakubaliana katika hilo. Programu nyingine huuliza upepo unaelekea wapi, na anayejibu bila kusoma swali huongeza kosa maradufu.

Lipo pia suala la mzunguko wa dunia. Wapo wanaoshikilia kwamba karibu na Ikweta halina maana, na kwa upande mmoja wana haki: msukumo wa kupeleka risasi kulia au kushoto hapa Ukambani ni karibu sufuri. Wanachokisahau ni msukumo wa juu na chini, ambao kwenye Ikweta ndipo unapofikia kilele. Risasi ya bunduki ya kawaida ya masafa, ikipigwa kuelekea mashariki kwa umbali wa kilomita moja, hufika juu kidogo, na ikipigwa kuelekea magharibi hufika chini, kwa sentimita kumi na zaidi kila upande. Kwa hiyo sanduku la latitudo katika programu lisiachwe wazi.

Je, mtu hutambuaje ni tarakimu ipi iliyokosewa? Wakufunzi wa shabaha hufuata umbo la kosa. Risasi zikikosa hata kwa mita 100, tatizo ni la mwanzo: darubini haijasawazishwa, au urefu wake juu ya mtutu umeandikwa vibaya. Zikiwa sawa kwa mita 100 na 300, kisha zikaanza kuzama kadiri umbali unavyozidi, mshukiwa ni kasi ya kutoka mtutuni, ambayo wengi huinakili kwenye kisanduku badala ya kuipima kwa bunduki yao. Zikiwa sawa hadi 600 na kuharibika tu kuanzia 800, mshukiwa ni kizigeu au hewa. Hubadilishwa tarakimu moja tu kwa kila jaribio, iliyobaki ikaachwa kama ilivyo.

Mtego mkubwa ni makosa mawili yanayofunikana. Mpiga shabaha aliyeingiza kizigeu kibovu anaweza kuichezea kasi hadi hesabu ikubaliane na mita 600, akaridhika. Akienda mita 900, uongo hudhihirika. Wafuatiliaji wa setilaiti wana maradhi hayo hayo. Wao hawawezi kukipima kitu kwa mizani, hivyo hukisia kizigeu chake kwa kutazama jinsi mzingo unavyosinyaa. Ikiwa hewa ya juu siku hiyo ilikuwa nzito kuliko walivyodhani, kosa la hewa huingia kimya kimya ndani ya kizigeu, na bashiri huonekana nzuri hadi jua libadilike.

Yote haya yana uzito wa kisheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya uharibifu unaosababishwa na vitu vya angani, ambao Kenya ni mwanachama, unaifanya nchi iliyorusha kitu iwajibike kikamilifu kwa madhara ya ardhini, bila mdai kuhitajika kuthibitisha uzembe. Nchi hiyo yaweza kuwa iliyorusha, iliyoagiza kurushwa, au ambayo kitu kilirushwa kutoka ardhi yake. Dai hutolewa na serikali, si na mwanakijiji mmoja mmoja, na kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi husika itambuliwe. Setilaiti ya Kisovieti ya Cosmos 954 ilipoanguka Canada Januari 1978 ikiwa na mtambo wa nyuklia, Canada ilidai zaidi ya dola milioni sita za nchi hiyo na mwaka 1981 ikakubaliana kulipwa milioni tatu. Canada ilijua mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Mahali ambapo mwenyewe hajulikani, ushahidi huanza na yule aliyesimama karibu. Saa ya kuanguka, ikiwezekana kutoka kwenye simu na si kwa kukadiria kivuli. Upande kitu kilikotokea na muda uliopita kati ya kukiona na kuusikia mshindo. Picha za nambari au maandishi yoyote yaliyochongwa juu yake. Na mahali hasa kilipolala kabla ya mtu yeyote kukisogeza. Kukigusa ni hatari, kwani baadhi ya mabaki ya roketi hubeba fueli ya haidrazini, ambayo ni sumu kwa ngozi na mapafu. Simu ya kwanza ni kwa kituo cha polisi kilicho karibu, nao huwaarifu KSA.